Mpwa Wangu Apotee Kidogo Tu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Dari ya ofisi inavuja juu ya meza yangu. Juu ya meza ya Bi Tahadhari, hakuna hata tone.

Habari kubwa: mkuu wetu wa Ofisi ya Safari za Wanafunzi anastaafu. Tumebaki wawili wa kurithi kiti, mimi na Bi Tahadhari. Jina hilo nimempa mwenyewe, kwa kuwa kila anachosema kinaanza na neno hilo. Tahadhari, nakala za pasipoti. Tahadhari, maji ya bomba. Tahadhari, kila jioni mwanafunzi aliye ng'ambo atume ujumbe kwamba yuko salama. Nao wanatuma! Kundi letu liko huko muhula mzima, na hakuna aliyeugua hata mafua. Sifa zote kwake.

Simu ya dharura naibeba mimi. Inaning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe, na haijawahi kulia hata siku moja. Mtu aonyeshe vipi uwezo wake na simu bubu? Nimeshinda dirishani nikitazama tangi la maji na kujionea huruma.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nikajikata.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, yumo katika kundi hilo. Keshokutwa kamati ya usalama inakaa, na Mkurugenzi mwenyewe, anayemteua mkuu, atakuwepo. Tuseme binti apotee. Kidogo tu! Apige simu ya dharura akilia katikati ya kikao. Mimi nimtulize, nikune kidevu, nimpate. Kiti changu.

Nimempigia. Ameshtuka. Akasema, Mjomba, hiyo si sawa, na isitoshe Alhamisi ana mtihani wa maabara. Nikamwambia mtihani unaweza kurudiwa. Nikamkumbusha nani alimfundisha kuendesha baiskeli, na nani alimtetea kwa mama yake alipovunja kioo cha kabati. Akaguna: haya, Mjomba. Sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Tumekubaliana hivi: aende jumba la makumbusho la mji ule, akae kwenye mgahawa wake na kitabu. Apige, aseme hajui aliko, azime simu. Nitafikiri kwa sauti mbele ya kamati, kisha nitapiga makumbusho na watamkuta anakunywa chai. Nani ataumia? Hakuna.

Jumatano, 5 Machi

Bi Tahadhari kaniuliza kama kundi hili nililifundisha somo la barabarani kabla halijaondoka. Katika nchi ile magari yanapita upande mwingine, tofauti na kwetu, na mgeni hutazama kusiko kabla ya kuvuka. Nikasema nilifundisha. Si kweli sana. Siku ile muda uliniishia kwa sababu nilieleza kwa kirefu historia yangu katika ofisi hii. Na kwani mwanafunzi wa chuo kikuu hajui kuvuka barabara? Anatuchosha.

Jioni nimefanya mazoezi ya uso wa utulivu mbele ya kioo. Mke wangu akauliza kama tumbo linaniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Kikao kilianza vizuri. Mkurugenzi alikuwa anasinzia. Simu ikalia! Nikaifungulia sauti wote wasikie. Mpwa wangu akalia kwamba hajui yuko wapi. Kilio safi, cha kutoka tumboni. Moyo wangu ukachanua. Akaongeza kwamba kuna damu, kwamba mguu hausikii. Damu haikuwemo katika makubaliano yetu. Nikajisemea: kumbe mtoto huyu ana kipaji! Kwa sauti nzito nikamwambia atulie, avute pumzi.

Akapiga yowe: "Mjomba, hii siyo ile! Siyo ile!"

Nikakata simu upesi kabla hajaharibu mambo.

Nikasimama. Nikakuna kidevu. Nikaiambia kamati kwamba, kwa uzoefu wangu, binti yuko makumbusho. Nikapiga. Mlinzi akaenda kutazama mgahawani, akarudi: hayupo. Nikacheka kidogo. Nikamwomba atazame chooni. Hayupo. Mkurugenzi sasa yuko macho kabisa.

Ndipo nikaona kiti cha Bi Tahadhari kitupu. Alikuwa kwenye korido na simu yake mwenyewe. Mlangoni nikamsikia akisema polepole, "Mwanangu, mpe simu mtu yeyote aliye karibu nawe. Yeyote. Usikate."

Akaingia. Akatueleza. Binti alikuwa anavuka kuelekea makumbusho. Akatazama upande mmoja, pikipiki ikaja kwa upande wa pili. Mguu umevunjika vibaya, kichwa kimepasuka. Gari la wagonjwa limefika, mwalimu wao wa kule yuko njiani kwenda hospitali. Halafu akanitazama mimi.

"Anauliza kama mjomba wake amekasirika."

Mkurugenzi akasema kwamba kuhusu makumbusho, angalau nilikaribia. Nadhani alikusudia kunifariji.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua tena. Dada alifika nyumbani kabla sijavaa viatu. Macho yamevimba. Nilidhani amejua, nikarudi nyuma mpaka nikagonga kabati. Kumbe alikuja kunishukuru! Alinishika mikono yote miwili. Akasema, "Mdogo wangu, usingekuwepo pale ofisini, mwanangu angefia barabarani."

Nikamwambia ndiyo kazi yangu.

Nikaenda kuvaa viatu.

Bi Tahadhari amemtafutia dada ndege ya kesho. Kumbe bima ya chuo humlipia mzazi akakae kando ya kitanda cha mwanawe. Sikujua. Sikuwahi kuisoma hadi mwisho. Dada anauliza aende na nguo gani huko, kuna baridi? Hilo nalo sikujua. Akampigia Bi Tahadhari.

Jumatatu, 10 Machi

Mkurugenzi amezungumza na mpwa wangu kwa simu, sisi wote tukisikiliza. Sauti ya binti imekuwa ndogo, kama ya mtoto wa chekechea. Aliulizwa alikuwa anafanya nini mtaani wakati wenzake wako kwenye mtihani. Nikahesabu vigae vya sakafu. Mwishowe akasema alitaka tu kwenda kutazama picha za makumbusho. Ni ujinga wake mwenyewe, akasema. Anaomba radhi kwa usumbufu.

Mkurugenzi akasema masikitiko ni kwamba muhula mzima itabidi aurudie.

Nilishusha pumzi mpaka karatasi za mezani zikapepea. Binti wa maana! Namtafutia zawadi. Labda kitabu.

Baadaye Bi Tahadhari akanikuta koridoni. Akasema alisikia yale maneno, siyo ile. Akaniuliza, ile ipi? Nikamjibu maskini binti alikuwa anaweweseka. Akasema hatamwambia mtu yeyote. Hilo analiacha kwangu, niseme mwenyewe nikiwa tayari. Akaenda zake.

Nimewaza mchana kutwa. Anataka nini huyu? Mtu hawezi kunyamaza hivi hivi.

Ijumaa, 14 Machi

Kiti kachukua Bi Tahadhari. Watu wamepiga makofi. Nami nilipiga, ila kwa vidole tu.

Kazi yake ya kwanza: kuivua simu shingoni mwangu. Kwa upole, ndiyo, lakini mbele ya watu. Kazi ya pili: kila anayesafiri atafundishwa somo la barabarani, nje, kwenye lami, kwa vitendo. Mwalimu, mimi. Dharau iliyoje!

Nimempigia dada hospitalini kuuliza hali. Hakupokea. Nimepiga tena. Hakupokea. Mtandao wa kule mbovu.

Jumamosi, 29 Machi

Dada na binti wamerudi leo. Uwanja wa ndege ulijaa, na baridi ya viyoyozi iliingia hadi kwenye mifupa. Mkurugenzi alikuja, mpiga picha wa chuo alikuja. Nilivaa suti. Nilikuwa nimejipanga vizuri: nishike mimi kiti cha magurudumu, nikisukume taratibu, nimwinamie binti kidogo, picha ipigwe.

Mlango ukafunguka. Mpwa wangu amekonda. Nywele zimenyolewa upande mmoja, na kovu linaonekana. Aliponiona alitabasamu, akanyanyua mkono kidogo, akasema, "Mjomba." Hivyo tu. Nikanyoosha mikono nikishike kiti.

Dada hakusimama. Alinipita kama inavyopitwa nguzo ya taa, akisukuma kiti mwenyewe. Gurudumu likanikanyaga kiatu. Hakugeuka. Mpwa wangu ndiye aliyegeuza shingo kunitazama, mpaka umati ukamfunika.

Bi Tahadhari akaniletea kikombe cha chai. Akasema, wafuate, bado hujachelewa, kamwambie dada yako. Akasema atanisindikiza nikitaka. Machozi yalinilenga, sijui kwa nini. Nikamwambia nina kazi.

Nikakaa peke yangu kwenye benchi mpaka chai ikapoa. Nikafikiri sana, kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Na sasa nimeliona kosa langu, waziwazi. Kosa lilikuwa kutumia ndugu. Ndugu wana machozi mengi, tena wanahesabu makosa. Kundi lijalo linakwenda kwenye milima yenye theluji, na humo kuna kijana mmoja mcheshi ambaye ni mwigizaji wa tamthilia za chuo. Huyo hatachanganya la kweli na la kuigiza. Na mlimani hakuna pikipiki.

Nimemwalika chai Jumatatu.