Mshiriki Aliyesema Vizuri Kuliko Wote

Jumatatu, 6 Mei

Hakuna kichwa kama changu kutoka hapa hadi jua linakozamia. Shule niliiacha kidato cha pili, na si kwa kufeli: walimu walikuwa wameniishia. Leo dunia imeanza kukiri. Shangazi, anayefundisha chuoni, kaingia dukani kwetu tunakochapa na kutoa nakala, kaniwekea mezani makala yake ya utafiti. Kompyuta yake imekufa. Makala lazima ifike kwa jarida la sayansi ya jamii kabla ya Ijumaa jioni. Mkuu wa idara kamwambia wazi: ikivuka hata hatua ya kwanza, mkataba mpya. Isipovuka, mwisho wa mwezi afungashe virago.

Nikamwambia asihofu, amefika kwa fundi. Akasema fundi apunguze mdomo.

Tatizo, hakuja peke yake. Kaja na Miwani, mwanafunzi wake anayemsaidia utafiti. Huyo kapewa marejeo. Mimi nipange kurasa, nisahihishe herufi, tena nifute jina la Shangazi kila lilipo, eti wasomi watakaoipima wasijue kaandika nani. Kazi ya miaka miwili, halafu unajificha kama uliyeiba kuku! Nimefuta. Roho imeniuma. Lile ni jina la babu yangu pia.

Jumanne, 7 Mei

Nimeisoma makala. Yaani nimesoma pale watu wanapoongea. Shangazi kazunguka nyumba za kupanga, zile za bomba moja kwa wote, akawauliza wapangaji wanagombanaje na wanapatanaje. Kila aliyehojiwa anaitwa mshiriki na ana namba, kama mchezaji wa mpira. Maswali mazuri. Majibu, aibu tupu! Mshiriki wa saba alimwagiwa ndoo nzima na jirani. Kaulizwa walipatanaje, kajibu: "Aa, basi tu. Asubuhi nikamkingia maji yake." Mwisho! Wa kumi na moja kasema hajui, kisha Shangazi kaandika kwamba alinyamaza kwa muda mrefu. Hivi kunyamaza nako kunaandikwa?

Miwani kapita nyuma yangu, kasema nachapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama. Nikamwambia kuku ndiye anayetaga. Yeye aendelee kuhesabu mikato.

Jumatano, 8 Mei

Mpango umeiva. Siri kubwa. Nimewasaidia washiriki kusema! Wa saba sasa anasema: "Jirani ni nguo ya pili, ukiivua baridi ni yako." Nimeitunga mwenyewe, kabla hata ya chai. Wa kumi na moja nimempa hotuba yenye machozi katikati. Wa tano kapiga magoti.

Makala ikanenepa, ikapita kiwango cha maneno cha jarida. Nikatafuta pa kupunguza. Kuna sehemu ndefu inaeleza Shangazi aliwachaguaje watu na aliwahojije. Nani anauliza nyama imetoka bucha gani? Watu wanataka mchuzi. Nimeikata yote. Nikahifadhi. Najiona mtu wa maana.

Alhamisi, 9 Mei

Shangazi kaja kusoma nakala ya mwisho. Nikasimama pembeni kungoja sifa. Alianza kwa kutabasamu. Akarudi ukurasa mmoja nyuma. Kisha akavua viatu. Shangazi akivua viatu, mambo yameharibika.

Akaniuliza, kwa upole wa kutisha, mshiriki wa saba aliyasema haya lini. Nikasema hakuyasema, ila angepewa nafasi angeyasema. Miwani akatoka nje kucheka. Mshenzi.

Shangazi akanieleza polepole, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Utafiti wote unahusu watu wanaopatana bila kusema neno. Kumkingia mwenzio maji ndiko kumwomba radhi. Kile kimya ndicho ushahidi. Na mimi kila mnyamavu nimempa kipaza sauti! Akasema maneno ya mshiriki ni amana, hayatiwi chumvi hata punje. Nikawa ndiyo Shangazi, kweli Shangazi.

Nakala safi ilikuwa kwa nani? Kwa Miwani, nani mwingine. Yule anatunza hata risiti ya peremende. Shangazi akavaa visikilizio, akalinganisha kila kauli na rekodi, mimi nikachapa hadi jioni. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 10 Mei

Makala imetakata. Shangazi kaitwa kusimamia mtihani, Miwani kaenda kumbebea karatasi. Kabla ya kuondoka Shangazi akaniambia: mwanangu, wewe bonyeza kutuma tu, usiguse kitu kingine. Nikaapa.

Nikaisoma mara moja ya kuagana. Hitimisho, jamani, kavu kama mkate wa juzi! Sasa mimi nimeshaelimika, najua anachotaka ni kimya. Kuna ubaya gani nikimtafutia mtu mmoja wa kukisifu hicho kimya? Nikaongeza mama wa makamo, mpole, hana makuu: "Tukisema tutahesabiana makosa. Tukinyamaza, ndoo zote mbili zinajaa." Basi. Nikampa namba inayofuata. Nikatuma mapema kabisa.

Shangazi karudi, kauliza kama niligusa kitu. Nikamwambia niligusa kitufe.

Jumatano, 15 Mei

Mhariri kajibu! Makala imevuka, inakwenda kwa wapimaji. Mkuu wa idara kaiona barua, katia saini mkataba. Shangazi kaja dukani anacheka mpaka anafuta macho. Kaninunulia soda. Miwani naye kanunuliwa, raha ikapungua nusu.

Kisha akatusomea barua. Mhariri kasema kilichomgusa kuliko vyote ni yule mama wa ndoo mbili. Anashauri maneno yake yahamie mwanzo kabisa. Tena anaomba rekodi ya sauti yake, maana ndiyo kawaida ya jarida lao. Shangazi akakuna kichwa: huyu nilimhoji lini mimi? Uzee huu jamani. Kasema kesho asubuhi tutasikiliza rekodi zote mpaka tumpate, na Jumamosi atakwenda kumshika mikono yule mama na kumshukuru, kwa sababu kamwokolea kazi.

Miwani safari hii hakucheka. Alinitazama tu, soda mkononi. Nami nikaitazama yangu.

Lakini sijashindwa, mimi nani? Chumba cha nyuma kina mlango unaofungika na simu yangu inarekodi vizuri. Nimeshajaribu sauti ya mama wa makamo. Ikishuka kidogo tu, itakuwa yenyewe. Nitafungulia bomba litiririke, nitatia na kikohozi kidogo ili anoge. Jumamosi nitasema nimesikia kahama.

Kwa jumla kila kitu kiko sawa. Kosa ni moja tu, na naliandika hapa pasiposomwa na mtu: mkataba wa Shangazi umesimama juu ya mama ambaye hajazaliwa. Maneno yale ni yangu.