Utulivu Wangu na Kinu cha Damari

Jumatatu, 14 Aprili 1975

Manase, kama umepata mama mwingine huko Manyoni sema, nijue. Tangu Krismasi ya mwaka juzi hujakanyaga hapa. Kazi yako ya treni inakuzuia? Treni si mke. Mwalimu Simeoni wa darasa la watu wazima ametaka tuandike kila siku, tusisahau herufi. Basi naandika. Ukija utasoma mwenyewe yaliyonipata, maana wewe ukija huwa unakula na kulala tu.

Yaliyonipata leo. Kichwa kilikuwa kinagonga, nikaenda zahanati. Bwana Anselm, yule mganga kijana, akanipa shikamoo nzuri, akanifunga mfuko mkononi, akaujaza upepo, akatazama saa yake, akaujaza tena. Nikamwambia aseme, mimi si mtoto. Akasema presha iko juu sana. Akauliza nini kinanisumbua. Nikamwambia Damari. Akasema Damari si ugonjwa. Hajakaa naye!

Eti nitafute utulivu wa moyo. Atanipima tena Ijumaa ya wiki ijayo. Presha isiposhuka napakiwa kwenye lori, nikalazwe Kiomboi. Sasa! Uwele ndio kwanza unatia maziwa, ndege wanautazama kama wamealikwa. Nikilazwa, nani ataamia, awafukuze ndege hao? Mwaka mzima nile nini, shuka la hospitali? Akasema jirani atanisaidia.

Jirani ndiye huyo huyo Damari.

Zamani kati yetu kulikuwa na korongo na fisi. Tuliishi vizuri sana. Serikali ikatuhamishia kijijini, nyumba zikapangwa mstari kama meno, na kati ya watu wote nikapangiwa huyu. Jiko lake linatazama mgongo wa nyumba yangu. Nikikohoa ndani, yeye huko nje anasema pole!

Jumanne, 15 Aprili

Nimepata dawa! Shangazi yako Elizabeti amekuja kutoka Itigi. Huko alikuwa akifua nguo za mwenye duka mmoja, Mhindi. Anasema mama wa mwenye duka kila alfajiri alikaa kwenye mkeka, macho amefumba, hasemi na mtu, anafuata pumzi yake tu ikiingia na kutoka. Wazo likija analiacha lipite. Sauti ikija anaiacha ipite. Elizabeti anasema yule mama alikuwa na furaha hata gunia la sukari lilipoibwa pembeni yake hakutikisika.

Nikauliza hiyo ni furaha au ni uzembe. Elizabeti akasema nikianza kuuliza sitafika.

Kwa mafunzo hayo amechukua kuku wangu, yule mwenye manyoya miguuni. Nimeacha wazo la kuku lipite. Halijapita.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekaa kwenye ngozi nyuma ya nyumba kabla jua halijatoka. Pumzi ndani. Damari akaanza kutwanga. Pumzi nje. Damari akaanza kuimba. Ule ule wimbo wa kanisani anaoukosea tangu tulipobatizwa. Pumzi ndani, kinu, pumzi nje, kinu, mpaka nikawa napumua kwa mchi wake!

Nikainuka, nikaenda kumwambia kwa upole. Elizabeti anasema upole wangu umesikika mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Nilimweleza Damari kwamba natafuta kimya. Akasema kama nataka kimya niende makaburini, huko bado kuna nafasi.

Huyo ndiye wa kuniamia uwele. Asante sana, Bwana Anselm.

Alhamisi, 17 Aprili

Akili imenijia! Utulivu hauko nyumbani, uko shambani. Nimepanda dunguni kwangu, kile kichanja cha kuamia ndege, juu pale, upepo mzuri, hakuna kinu. Nikafumba macho. Pumzi ndani. Pumzi nje. Manase mwanangu, nimefika! Moyo ukalainika kama uji. Ndege wakaimba. Nikasema kumbe ndege ni viumbe vizuri hivi, na miaka yote nawatupia udongo.

Kwa mbali nikasikia Damari anapiga kelele kutoka shambani kwake. Nikaiacha sauti ipite. Akazidi. Nikaiacha ipite. Akaniita kwa jina langu la usichana. Nikatabasamu tu, kama yule mama wa Itigi.

Alikuwa anasema ndege wanamaliza uwele wangu.

Nilipofumbua macho, pembe yote ya kusini masuke yamebaki vijiti. Na Damari yuko katikati ya shamba langu, kanga kiunoni, anazungusha kombeo kama kijana, anawatukana ndege na mimi pamoja. Pasingekuwa yeye ningekosa shamba zima.

Sijui kipi kinauma zaidi, hasara au kuokolewa naye. Hapana, najua.

Jumamosi, 19 Aprili

Usifikiri nimeshindwa. Kosa halikuwa la utulivu. Kosa ni kwamba ndege hawakuambiwa.

Leo nimefunga kamba kutoka dunguni hadi miti ya pembeni, nikaning'iniza makopo matupu. Mwisho wa kamba nimefunga kwenye kidole gumba cha mguu. Hapo sasa! Juu utulivu, chini kidole kinafanya kazi. Nikivuta, makopo yanalia, ndege wanaruka, mimi macho nimefumba. Elizabeti akasema yule mama wa Itigi hakuwa na kamba. Nikamwambia hakuwa na uwele pia.

Mpaka adhuhuri mambo safi. Kisha ndama wa balozi Alute akaingia kwenye kamba. Makopo yakalia, ndama akashtuka, akakimbia. Na kidole changu. Na mimi nyuma ya kidole.

Nimeanguka kwenye kunde, Mungu ni mwema. Aliyenifungua ni Damari. Kwanza alikaa chini acheke mpaka amalize. Akaniuliza kama hiyo ndiyo furaha yenyewe niliyokuwa naitafuta.

Jumatano, 23 Aprili

Kidole kimevimba. Siwezi kurusha udongo nimesimama. Damari, bila kuombwa, amehamia dunguni kwangu. Anasema anaamia mashamba yote mawili, mimi nikae nipumue pumzi zangu.

Nitapumuaje naye pembeni? Tangu Jumapili tunagombana kutwa. Tumeanza na lile jiwe langu la kusagia aliloazima tukiwa mabibi harusi, akalirudisha na ufa. Anasema ufa ulikuwepo. Muongo! Nikasimama kwa mguu mmoja nikapiga kelele. Naye akapiga. Tukaingia kwenye nani alipika ugali mbichi kwenye msiba wa baba yako. Mchana ameleta uji, tukanywa, tukaendelea.

Ndege? Hakuna hata mmoja aliyetua. Sijui wamekwenda wapi.

Ijumaa, 25 Aprili

Imeshuka! Bwana Anselm amepima mara mbili, haamini. Akauliza nimefanya nini. Nikamweleza ile elimu ya pumzi, kukaa kimya na kuacha mambo yapite. Akafurahi sana. Damari alikuwa kwenye benchi, akakohoa vibaya. Kiomboi siendi. Uwele wangu nitauvuna mwenyewe.

Jioni nimemwendea balozi Alute. Nimesema kama utulivu kidogo umefanya hivi, utulivu kamili utafanya nini? Nikaomba nyumba ya Damari ihamishiwe mstari wa mwisho. Akasema atalifikiria. Na amehakikisha Damari amesikia, mbea yule.

Jumanne, 29 Aprili

Damari ameondoka jana. Amekwenda kwa binti yake aliyeko Ihanja, ambaye atajifungua karibuni. Hakuniaga. Ameniachia chungu cha uji mlangoni, na kombeo lake juu ya kifuniko.

Basi! Kimya nilichokiomba nimekipata. Elizabeti naye amerudi Itigi na kuku wangu. Alfajiri nimekaa kwenye ngozi. Pumzi ndani. Hakuna kinu. Pumzi nje. Hakuna wimbo. Nimekohoa, hakuna aliyesema pole. Nimekohoa tena kwa nguvu. Hakuna.

Dunguni nimekaa peke yangu, nimenyamaza vizuri kabisa. Ndege wamekuja wote. Kichwa kimeanza kugonga. Bwana Anselm amepita akanipima: presha juu, pengine kuliko mwanzo. Lori la Kiomboi ni Ijumaa.

Nimefikiri sana na jibu nimelipata. Damari ameondoka makusudi ili kuniharibia utulivu wangu. Roho mbaya kiasi hicho!

Daftari hili nakutumia kwa basi la kesho, Manase, na ukija usije mikono mitupu. Basi lako linapita Ihanja. Shuka. Mwambie Damari kinu chake kinalaliwa na mbwa, na uwele wake unaliwa. Usimwambie nimekutuma. Akikataa, mwambie nimesema lile jiwe alilipasua yeye. Atapanda basi kabla yako.