Pua Tamu ya Ndege Yetu

Leo nimeaibika, jamani, na walioniaibisha ni nyuki.

Nitaeleza polepole ili mwingine asirudie. Sisi ni watu wazima wanne tunaorusha ndege ndogo za mfano kila Jumamosi huko Matete. (Ndiyo, tuna watoto nyumbani. Hapana, ndege si zao.) Tangu bei ya miwa ipande, kila mtu anapanda miwa mpaka mlangoni. Kiwanja kilichobaki ni kimoja tu, cha Mzee Makokha, na yeye pia ameshaita trekta ya kulima. Tukamsihi. Akasema, "Leteni hiyo kitu Jumamosi. Ikizunguka shamba mara moja na irudi salama, hapo nawaachia."

Mara moja tu! Shida ni kwamba kifuniko cha mota, kile cha plastiki kinachokaa kwenye pua ya ndege, kilipasuka wiki iliyopita. Nikajitolea kutengeneza kingine.

Kazi yenyewe si ngumu, hata wewe unaweza. Unachonga kipande cha mbao kiwe na umbo la pua. Unakivisha chupa ya soda ya lita mbili iliyokatwa kitako. Unapuliza hewa moto, na plastiki inanywea mpaka inashika umbo. Lakini pua ya ndege yetu ina tumbo: nene katikati, nyembamba mdomoni. Mbao ingekwama ndani. Hapo ndipo nilipopata akili. Sukari nguru, yale mabonge magumu yanayopikwa kwa maji ya miwa! Huku kwetu iko kila duka. Unaichonga kwa kisu, na ukimaliza unaiyeyusha kwa maji, inatoka yenyewe. (Nilijipongeza kwa sauti. Nilikuwa peke yangu.)

Sasa, maji ya moto sana yangekunja plastiki. Yanatakiwa maji ya uvuguvugu, na subira. Mimi, ninayehubiri subira darasani kila siku, leo asubuhi nilisubiri muda wa kikombe kimoja cha chai. Ndani ya kifuniko kukabaki utando wa kahawia, unang'aa kama asali. Ulipendeza. Nikasema ukae tu, hiyo ni rangi ya bure.

Saa tano tukafika Matete. Mzee alikuwa bado anakunywa uji, kwa hiyo ndege ikakaa juani ikimngoja. Rafiki yangu Khamala, ambaye ndiye hushika rimoti, akainama kuitazama.

"Mwalimu, mbona nyuki wanaingia kwa pua?"

"Wanapita tu."

"Wanaingia. Hawatoki."

"Khamala, rusha ndege."

Mzee akaja na kiti chake, akaketi, akakunja mikono. Ndege ikapaa. Vizuri kabisa! Ikazunguka robo ya shamba, nusu, robo tatu. Mzee akasimama. "Kumbe inarukanga!" Nilianza kuona kiwanja kimeshakuwa chetu.

Kisha mota ikakohoa. Joto lake lilikuwa limeyeyusha ile rangi yangu ya bure, na sasa mota ilikuwa ikizunguka ndani ya gundi. Ikanyamaza. Ndege ikashuka taratibu, ikateleza kwenye nyasi na kusimama hatua tano kutoka kwa kiti cha mzee.

Nikaiinua juu, niwaonyeshe kwamba haijavunjika.

(Usiinue.)

Nyuki waliokuwa ndani wakatoka. Wenzao waliokuwa wakiwatafuta wakafika. Khamala alikimbilia jikoni kwa mke wa mzee. Mzee alijifunika koti lake kichwani, akaketi tena, akatulia kama mtu anayengoja mvua ipite. Mimi nilikimbia bila kuchagua njia, na nilipofungua jicho (moja, la kulia) nilikuwa katikati ya shamba la jirani, nimejikunyata.

Baada ya muda nikasikia sauti.

"Mwalimu! Uko wapi?"

"Kwa miwa, mzee."

"Ya nani?"

"Ya jirani."

"Si ni wewe umekuwa ukiniambia miwa imezidi hapa?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa leo ungejificha wapi?"

Mimi, mwalimu wa fizikia wa miaka mingi, nikajipangusa majani. Nikatoka. Nikamkuta ameishika ndege, anapitisha kidole ndani ya kifuniko changu. Akalamba kidole.

"Sukari nguru," akasema. "Hata ndege yako inajua kazi ya huku."

Trekta inaingia Jumatatu.

Kwa hiyo, ukitengeneza kifuniko kama changu, osha mpaka maji yatoke meupe, halafu osha tena. Na anayetaka kucheka, asimame upande wangu wa kushoto. Jicho la upande huo limevimba likafumba, sitamwona.