Foki ya Upepo ya Mpima Ardhi

Jumatatu, 3 Machi

Leo amekuja! Siku kumi na saba tangu aje mara ya mwisho. Sihesabu. Ninazijua tu.

Nimwandike hapa nisije nikajidanganya kwamba ni mteja kama wengine. Ni mpima ardhi. Anapanda vilima vya upande wa machimbo kwa baiskeli ya milimani, fito za kupimia amezifunga kwenye fremu, maana gari la ofisi yao haliwezi njia zile. Ananiita Fundi. Kila mtu ananiita Fundi, lakini akiita yeye nasahau spana niliiweka wapi.

Alileta breki. Dakika sita, kazi imekwisha. Nikajaribu kuirefusha. Nikafuta cheni ambayo ilikuwa safi. Nikakaza nati ambayo ilikuwa imekaza. Mwisho nikaishiwa vitu vya kushika, naye akashukuru, akaenda zake.

Shida ni ile baiskeli. Haiharibiki! Foki yake, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ni ya springi, chuma ndani ya mrija. Inabonyea, inarudi, inabonyea, inarudi, mwaka mzima haimwombi mtu kitu. Aliyeibuni hakuwahi kumpenda mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Foki ya upepo.

Hii haina springi. Inabebwa na upepo uliojazwa ndani, na upepo huo haupimwi kwa kubonyeza kidole kama tairi. Unataka pampu yake ndogo yenye geji. Mji huu mzima pampu hiyo ninayo mimi peke yangu. Na upepo hupungua, kidogo kidogo, hata foki iwe nzuri namna gani. Sili zake, zile raba zinazozuia upepo usitoke, nazo zinataka kusafishwa na kutiwa mafuta. Kwa hiyo mwenye foki ya upepo hana ujanja, lazima aende kwa fundi. Kitabu kinasema akague mara moja kwa mwezi. Mimi nitasema kila wiki.

Kikwazo ni Chuma, fundi wa ng'ambo ya barabara. Tunamwita hivyo kwa sababu haamini kitu kingine. Kwake, chochote kinachojazwa upepo na si tairi ni utapeli. Ana mke, watoto watano na wajukuu wawili, lakini mimi namwona anavyomsalimia Mpimaji akipita. Anamsalimia kila mara! Mtu wa rika lile!

Nimemweleza dada yangu mpango huu. Ana duka la fotokopi mlango wa pili, na nyumbani tunaishi pamoja, sina pa kumkwepea. Akaniuliza kwa nini nisimwambie tu huyo mtoto wa watu kwamba nampenda, yakaisha. Nikamwambia hajui chochote kuhusu foki.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemsimamisha barabarani. Jasho lilinitoka kabla hajashuka kwenye baiskeli.

Nikamwambia foki ya upepo ni nyepesi, na yeye kila asubuhi anaisukuma baiskeli ile mlimani. Nikamwambia siku akibeba fito nyingi anaongeza upepo, siku akibeba chache anapunguza, wakati springi isipokufaa huna budi kuitoa na kutia nyingine. Yote ni kweli! Sijui kwa nini ukweli ulinifanya nijisikie mwizi.

Akauliza maswali ya mtu anayejua kuuliza. Kwenye changarawe ndogo ndogo ipi ni laini zaidi? Ikabidi nikiri ni springi. Nilikiri upesi, nikakohoa. Akauliza je, haina usumbufu wa matunzo? Nikasema huo si usumbufu, ndio uzuri wake wenyewe. Akanitazama kidogo. Akakubali!

Ninayo moja, imekaa kwenye rafu tangu mwaka jana. Ataijaribu. Ile ya springi nitamtunzia.

Jioni ndipo nikakumbuka. Upepo hujazwa kulingana na uzito wa mpandaji. Itabidi nimuulize mwanamke uzito wake. Balaa gani hili!

Ijumaa, 7 Machi

Niliandaa njia tatu za kuuliza. Ya kwanza ilipitia hali ya hewa. Ya pili ilipitia mizigo kwa jumla. Ya tatu nilimfanyia dada mazoezi, akaniambia mwanamke yeyote akiulizwa hivyo atarusha kiatu.

Mpimaji alipofika nikasahau zote tatu. Nikasema tu, uzito? Akajibu palepale, kama mtu aliyeulizwa saa. Kilo sitini na tatu na gramu mia nne. Akiwa na begi la vifaa, sabini na moja. Nimeiandika hapa na nitaipigia mstari mara mbili.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Mpandaji lazima akae juu ili uone foki inabonyea kiasi gani. Kuna kipete cha mpira kwenye mrija, kinasukumwa chini, unapima kilipoishia. Akapanda. Nikapiga magoti mbele yake, nikalibana gurudumu kwa magoti yangu asianguke. Mkono wake mmoja ulikuwa begani kwangu! Sikuiona namba. Nikamwambia ashuke, apande tena, sijaridhika. Mara nne. Chuma alikuwa amesimama mlangoni kwake, anatikisa kichwa.

Upepo nikaufikisha pauni sabini kwenye geji. Nimemwambia arudi Jumatano.

Nampenda. Basi, nimeandika.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja. Nikafunga pampu, nikaangalia geji. Pauni sabini. Haijapungua hata moja! Foki gani hii isiyojua kazi yake?

Akafurahi. Akasema kama mambo ni hivi, basi hana haja ya kuja kila wiki, labda kila mwezi. Kila mwezi!

Nikamwomba anishikie kitambaa. Alipogeuka nikalegeza pini ya valvu. Robo mzunguko. Najua, najua. Nisiandike zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Ijumaa alikuja. Leo amekuja tena! Upepo unashuka vizuri sana. Nauongeza, nakaza, halafu nalegeza. Kila akija anakaa kwenye benchi langu, anavua kofia, anakunywa chai ya dada. Leo alinisimulia kilele kimoja ambako upepo ukitulia unasikia redio za mji mzima kwa pamoja. Nilisikiliza mpaka mafuta yakamwagika kwenye kiatu.

Ana daftari. Anaandika kila kitu, ndiyo kazi yake. Kumbe amejinunulia kijigeji cha kwake, na kila asubuhi anapima foki. Amenionyesha mchoro wa mstari. Wiki ya kwanza mstari umelala. Tangu Jumatano iliyopita unateremka, unapanda akija kwangu, unateremka tena. Akasema ni ajabu, foki inavuja zaidi kila ikitoka kwa fundi. Alikuwa anatabasamu. Nikasema ni joto.

Halafu akasema kuna njia inayoshuka kutoka machimboni hadi mtoni, nzuri kweli, ila hapendi kuipita peke yake. Jumamosi hayuko kazini. Akaniuliza Jumamosi huwa nafanya nini.

Nikamjibu kama ana wasiwasi na foki, ailete Ijumaa niikague vizuri, halafu Jumamosi ataenda bila hofu yoyote.

Alivaa kofia yake. Akasema sawa, Fundi.

Ziara nyingine hiyo! Wiki moja mara mbili!

Dada aliingia na makaratasi mkononi. Ukuta wa kati ni mbao, anasikia kila kitu. Akanitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimewahi kuanguka utotoni yeye asijue.

Jumamosi, 22 Machi

Siwezi kuandika vizuri.

Jana aliileta. Niliongeza upepo. Nikalegeza, mazoea tu, mkono ulijiendea. Leo alishuka ile njia peke yake. Kwenye kona ya mwisho foki ikalala, gurudumu likazama kwenye mawe, akaruka juu ya usukani.

Alikuja anaisukuma, kiwiko amekifunga kwa mtandio, vumbi hadi kwenye nyusi. Chuma ndiye aliyemwona kwanza, akavuka barabara mbio kumpokea. Mimi nilibaki na spana mkononi. Dada akamwosha jeraha. Si kubwa, dada alisema, kachubuka tu. Lakini niliona damu kwenye mtandio.

Nilitaka aje. Amekuja.

Nikarudisha upepo wote, nikakaza ile pini mbele yake, hadi mwisho. Nikamwambia. Nikasema valvu niliilegeza mimi, siku zote hizi, kwa mkono wangu. Sauti yangu hata mimi sikuijua. Nilidhani atanipiga kwa pampu.

Hakunipiga. Akaniuliza kwa nini.

Alisubiri. Kweli alisubiri. Jibu lilikuwa mdomoni, limefika kwenye meno. Kwa sababu siku usipokuja duka hili ni chuma kitupu. Kwa sababu nataka uje.

Nikasema mkono uliteleza.

Akachukua baiskeli yake, akaondoka akichechemea.

Jumanne, 25 Machi

Nilikwenda mji wa jirani kutafuta sili mpya, za kumfanyia kazi ya kweli. Nimerudi, rafu iko wazi. Foki yake ya springi imekwenda. Alikuja kuidai, na dada akampa! Dada wa tumbo moja! Anasema mali ni ya mwenyewe.

Chuma ndiye aliyeifunga. Nilimkuta anafuta mikono, amesimama barabarani ili nimwone. Akaniambia springi haichezi na watu. Foki ya upepo ilikuwa imeegemezwa mlangoni kwangu, imefutwa vumbi, valvu imekaza.

Nimeirudisha kwenye rafu. Nimeangalia geji. Pauni sabini. Zimebaki tangu siku ile, za uzito wake. Sijaweza kuzitoa.

Jumatano, 2 Aprili

Anapita. Asubuhi kwenda, jioni kurudi. Anapunga mkono. Hasimami kwangu, lakini hata kwa Chuma hasimami! Atasimama kwa nini, na ile foki haitaki kitu?

Leo Chuma mwenyewe alivuka barabara, akaketi kwenye benchi langu, akaomba chai. Analalamika kwamba kazi ikiwa nzuri mtu harudi hata kusalimia. Anasema yule binti alikuwa akimchekesha, anamkumbusha binti yake aliyeolewa mbali. Kumbe ni hilo tu. Nilimwonea huruma, halafu nikajionea mwenyewe.

Tulikaa tunaitazama barabara. Akapita, kengele ikalia. Sote wawili tukasimama.

Jumamosi, 5 Aprili

Amekuja! Saa tatu asubuhi. Hana fito, hana begi, hana nguo za kazi. Amefunga kitambaa cha kijani kichwani. Kiwiko kimepona. Alisema hasira zimekwisha. Nikahema kama mtu aliyetuliwa gunia.

Nikauliza nini kimeharibika. Akasema hakuna kitu. Nikacheka, nikamwambia baiskeli lazima ina kitu, fundi ni mimi. Nikaipindua. Nikakagua breki. Cheni. Pedeli. Spoku moja moja, zote sitini na nne, gurudumu la mbele na la nyuma. Yeye yuko kwenye benchi, anaangalia. Alikunywa chai, akaomba ya pili. Akasema leo hana kazi kutwa nzima.

Akaniuliza ile baiskeli iliyotundikwa ukutani ni ya nani. Nikasema yangu. Akauliza bado inatembea? Nikamwambia iko katika hali nzuri kabisa, nimeitia grisi juzi. Akasema ile njia ya mtoni sasa imekauka vizuri.

Hapo nikaona ndipo pa kusema ukweli, hata kama unaniumiza. Nikamwambia kwa ile njia, akiwa na springi, hanihitaji mimi hata kidogo. Haitamwangusha. Anaweza kwenda peke yake bila wasiwasi wowote. Nilisema hivyo nikimwangalia machoni. Nimejivunia.

Alisimama taratibu. Akasema asante, Fundi. Akabaki mlangoni, mkono kwenye usukani, anaangalia ukuta wenye baiskeli yangu, kisha akanitazama. Nikamwambia spoku zote ziko salama. Akaenda.

Upande wa pili wa ukuta dada alipiga kelele, kelele tupu isiyo na maneno, halafu nikasikia anafunga duka. Saa nne asubuhi! Chuma naye alikuwa ng'ambo amejishika kichwa kwa mikono miwili. Sijui leo watu wana nini.

Nimekaa hapa na vikombe vyake viwili. Sijaviosha. Nimelia kidogo, si sana.

Ningekuwa na sababu moja tu ya kumfanya aje! Moja! Kuna tairi zisizo na tyubu, zinatiwa ndani dawa ya maji ya kuziba matundu. Dawa hiyo hukauka, lazima itiwe upya. Jumatatu akipita nitamsimamisha.