Saa Sita na Dakika Moja

Dokta Kidonge alikuja na gazeti kwapani, anahema kama kafukuzwa na mbwa wote wa mtaa wetu wa Kebena. Kabla hajapata kigoda, Etagegn, mwenye kahawa, akamlalamikia kwamba mkaa wake unakufa na kipepeo kimepotea. Dokta akachana nusu ya chini ya ukurasa bila hata kuitazama, akampa apepee. Nusu ya juu akaisogeza mpaka puani, maana miwani aliikalia wiki iliyopita.

"Jamaa zangu, tumetoka gazetini!"

"Tumekufa wangapi?" akauliza Siri.

Huyo Siri alikaa masijala miaka thelathini na mbili. Mpaka leo kamera ya simu yake kaiziba kwa plasta ya kidonda, na ukimuuliza habari za asubuhi anataka kwanza kujua nani kakutuma.

"Hatujafa, tumegundua! Sikilizeni: 'Moyo wa mnywaji kahawa wajua kahawa inakuja, saa sita kabla hajainywa.' Ni sisi! Ni ile kamera!"

Kijiwe kilichemka kuliko jebena, lile birika la udongo la Etagegn. Kamera tuliikumbuka wote. Mwezi wetu wa Tikimt, mvua kubwa zilipokwisha, watafiti wa chuo kimoja, wakiwa na wenzao wa ng'ambo, waliifunga juu ya mlango wa Etagegn wiki tatu, tukiwa watu kumi na wawili tunaotazamwa. Walisema kila damu inapopita usoni, ngozi inabadilika rangi kidogo mno. Jicho halioni, kamera inaona, na humo inahesabu mapigo ya moyo bila kukugusa. Kila mtu alipewa kadi yenye namba, tukaapishwa tusiitaje kwa mtu, kwa ajili ya kulinda siri zetu.

Siri kadi yake aliichoma moto siku hiyohiyo. Dokta yake aliichana ikawa vijiti vya meno. Profesa Atomu kadi yake ilifuliwa na suruali.

Yangu ninayo. Nimeifunga ndani ya saa mbovu ya ukutani, na imeandikwa saba.

"Tulia, nasoma," Dokta akaendelea. "'Washiriki kumi, moyo ulipanda saa tano na dakika hamsini hivi kabla ya kikombe cha kwanza. Lakini aliyewashangaza watafiti ni Namba Saba. Huyu moyo wake ulipanda saa sita na dakika moja kabla, kila siku, bila kukosa, na ulipanda kuliko wote.'"

Profesa Atomu akasimama, kigoda kikaanguka. Alifundisha fizikia sekondari hadi chaki ikamharibu kifua, na hajawahi kusamehe dunia kwa kutomsikiliza.

"Mnaelewa mmesikia nini? Moyo unaruka, halafu kahawa inakuja! Matokeo yametangulia, chanzo kimefuata! Wakati unarudi nyuma, mabwana! Na unarudia hapa, Kebena, karibu na choo cha Gashe Shiferaw!"

"Choo changu kimeingiaje?" akaruka Siri, maana Shiferaw ndilo jina lake, na Gashe ni heshima ya kaka mkubwa.

"Ni kipimo cha mahali tu, usikasirike. Huyo Namba Saba atapewa tuzo ya dunia. Na, kwa unyenyekevu..." akakohoa, "nafikiri ni mimi."

"We mzee umechemka!" Dokta akamdaka. "Saba ni mimi. Niliiona kabisa wakati najichokonoa meno, ina kona moja."

"Hata moja ina kona!"

"Basi ilikuwa na kona mbili!"

"Sikutaka kusema," Siri akainama, akatazama kushoto na kulia, "lakini kabla sijaichoma niliisoma. Saba. Mkinitaja, nakana."

Basi Namba Saba wakawa watatu. Dokta akasema ataanza kutibu watu kinyumenyume: mgonjwa akija Jumatano, kumbe alishapona Jumanne. Siri akataka kujua kama mtu akiona kesho, je, serikali inaweza kumtoza kodi ya kesho. Profesa akawa anachora mishale kwenye majani mabichi yaliyotandikwa chini, anaifuta kwa kiatu, anachora tena. Walicheka, walipigana mabega, bisi zikamwagika.

"Na wewe Chumvi, mbona kimya?" Dokta akanigeukia.

Wananiita Chumvi kwa sababu kahawa natia chumvi, kama tulivyolelewa kwetu Wollo. Kijiwe kizima ni mimi peke yangu. Nikajibu kwamba jino linaniuma.

Uongo. Kazi yangu ni fundi saa. Dokta alipotamka tu "saa sita" nilikwishajua kosa liko wapi, na nilikuwa naomba kwa malaika wote asilione mtu mwingine. Maana saa sita zile zikiondoka, inabaki dakika moja. Na dakika ile naijua mimi. Nampenda Etagegn. Ni miaka minne sasa, tangu alipovua nguo za msiba wa mumewe na kufungua kahawa hii. Wenzangu wote wanamwita Etiye, dada mkubwa, kwa heshima. Mimi simwiti chochote. Nikitaka kikombe nakohoa.

Etagegn alikuwa akipepea mkaa kwa kile kipande cha gazeti, polepole, macho yamo humohumo kwenye kipande. Akamimina abol, kikombe cha kwanza, akagawa sini, vile vikombe vidogo vya kahawa. Halafu, bila kuinua kichwa:

"Profesa, lile daftari la saa za vikombe walilotuachia watafiti uliandika wewe, siyo?"

"Kwa mkono huu, Etiye! Sayansi inahitaji mtu makini. Siku kumi na nane ukitoa Jumapili, kikombe cha kwanza, saa kumi kamili. Sikuwahi kukosea."

"Na ile kamera ilikuwa na kidirisha cha saa. Mimi nikipanda kigoda kufuta masizi nakiona. Nikimimina cha kwanza, kinasema nne."

"Ndiyo, nne, kwa sababu..."

Mshale wa Profesa ukabaki nusu kwenye majani.

"Kwa sababu nini, Profesa?" Etagegn akauliza kwa upole wote.

"Kwa sababu saa kumi yetu... wale wa ng'ambo... wao wanaiita nne."

Siri akahesabu kwa vidole, akaongeza vya mguuni. Kisha akalipuka.

"Ati kamera imeandika nne, wewe umeandika kumi, wao wakatoa nne kwenye kumi, wakapata saa sita? Wakati umerudi nyuma kwa sababu ya daftari lako? Profesa! Umeivunja fizikia ya dunia nzima kwa kalamu ya Biki!"

Dokta alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Profesa akajaribu kusema kwamba makosa makubwa nayo ni mchango, hakuna aliyemsikia.

Mimi nilikuwa najisogeza nyuma na kigoda changu, nitoroke. Mgongo ukagonga ukuta.

"Ngoja, ngoja, ngoja," Dokta akasema, bado anafuta machozi. "Ukitoa hizo saa sita, sisi wengine moyo umepanda dakika kumi baada ya kahawa. Hiyo ni kazi ya kahawa, kwa kila binadamu. Lakini Saba inabaki dakika moja. Kabla."

"Dakika moja kabla ya kunywa kunatokea nini?" akauliza Siri.

"Hakuna. Unapewa tu sini."

"Na nani?"

Wote wakageuka wakamtazama Etagegn. Kisha wakatazamana. Sijaona watu wakikimbia namba namna ile.

"Mimi sikuwa saba!" Dokta akawahi. "Ilikuwa tatu! Ina kona ndogondogo! Mke wangu asije akasikia!"

"Yangu niliichoma bila kuisoma, andikeni hivyo," akasema Siri.

"Mimi nina wajukuu," akasema Profesa, na kukaa.

"Basi ni nani?" Dokta akasimama. "Nusu ya chini iko wapi? Labda wamemwelezea. Etiye, lete hicho kipepeo."

"Kina moto."

"Lete hivyohivyo!"

Etagegn akakisogeza kwenye mkaa, kona ikashika. Nilidhani ananiokoa mimi. Siri, ambaye maisha yake yote hajawahi kusoma karatasi ya mtu hadharani, akakinyakua, akakizima kwa goti, akasoma kwa sauti ya masijala:

"'Kwa kulinda faragha, majina hayatatajwa. Itoshe kusema Namba Saba ni mwanamume wa makamo, mrekebishaji wa saa, na ndiye pekee anayekunywa kahawa kwa chumvi.'"

Jamani faragha! Bado kutaja tu saizi ya kiatu.

"Fundi saa!" Profesa akanguruma. "Ulikuwa unajua! Umeniacha nichore mishale mbele za watu!"

"Jino," nikasema.

Dokta akanishika kifundo cha mkono kunipima, akaita Mungu. Kelele zilizofuata siwezi kuziandika, kuna watoto wanasoma. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimeshaamua nitahamia Wollo, nitengeneze saa za kanisa.

"Nyamazeni, haijaisha," Siri akasema, na sauti yake ikabadilika. "'Kipimo kimoja kimefutwa. Namba Kumi na Mbili, ambaye hakunywa kahawa hata siku moja, moyo wake ulipanda kila siku dakika ileile ya Namba Saba. Watafiti wanaona ni kosa la mashine, kwa kuwa mshiriki huyo alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa.'"

Hakuna aliyecheka. Sisi wote hunywa. Kijiwe kizima, mtu asiyekunywa ni mmoja, naye ndiye anayemimina.

Etagegn akaweka jebena chini. Akafunga vizuri kitambaa chake kichwani, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Kahawa imekwisha," akasema.

"Etiye, bado tona, cha pili! Bado baraka, cha tatu! Ndiyo kwanza cha kwanza!" Dokta akalia.

"Nimesema imekwisha. Nendeni."

Jebena ilikuwa imejaa hadi shingoni, kila mtu aliiona. Siri akamshika Profesa mkono, Profesa akamshika Dokta, wakatoka wakikanyagana, Profesa akiuliza kwa sauti kama mkaa unaweza kweli kuharibu vipimo. Nami nikainuka niwafuate, ndivyo nilivyozoea.

Nyuma yangu nikasikia kijiko kinagonga mkebe wa chumvi.

Sikukohoa safari hii. "Etagegn," nikasema.

"Kaa," akasema. "Umechelewa miaka minne, na wewe ni fundi saa."