Vitanda Arobaini na Dirisha Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mganga mkuu katutangazia: kompyuta za hospitali hazielewani. Maabara ina yake, jikoni ina yake, wodi zina zake, kila moja na maneno yake. Atakayezipatanisha atakuwa mkuu wa taarifa na kupewa kile chumba chenye dirisha. Dirisha! Miaka sita niko chumba cha mafaili, jua nalisikia redioni. Cheo hicho changu. Nimeshamwambia mke wangu. Kosa, maana naye keshamwambia mama yake.

Jumanne, 4 Machi
Dada wa maabara naye ana wazo. Eti kila idara ibaki na kamusi yake ndogo, tukubaliane maneno machache tu ya kupokezana. Nikacheka. Mafahali wawili hawakai zizi moja, seuze kamusi tano! Mimi naandika moja, kubwa, ya hospitali nzima. Humo naweka maana ya kila neno pamoja na kanuni; ukiipa kanuni, kompyuta inakata shauri yenyewe. Inafikirije? Nimeikodolea macho mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 5 Machi
Kanuni ya kwanza: penye vitanda zaidi ya vitano ni wodi. Ya pili: kila wodi ipelekewe chakula, sahani moja kila kitanda. Dada wa maabara akauliza kama nimezungumza na watu wa idara. Nizungumze nini? Kitanda ni kitanda.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Kompyuta imegundua wodi mpya nyuma ya jengo: stoo ya vitanda vibovu. Sahani arobaini zimekwenda huko. Wodi ya wanaume ikaambulia mchuzi. Mpishi akanijia na mwiko. Nikamweleza kwamba kompyuta haijakosea, imefuata kanuni. Mwiko ukapanda juu. Nikatoka mbio.
Lakini kompyuta iliijuaje stoo? Kumbe hata orodha ya vitanda vibovu imo humo. Ajabu kweli!

Ijumaa, 7 Machi
Cheo kapewa dada wa maabara. Kamusi zake ndogo zinaelewana; mpishi kamsifu mbele yangu. Roho imeniuma, nisiseme uongo. Mimi nimehamishiwa stoo, nilinde vitanda. Mama mkwe kapiga simu kuulizia dirisha. Nikamwambia lipo. Na lipo kweli, halina kioo tu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeipa kompyuta kanuni mpya, moja tu: mwenye chumba chenye dirisha ni mkuu. Ikafikiri kidogo, ikanitaja sawa na dada wa maabara. Nilijua! Halafu ikamtaja mlinzi wa getini. Kibanda chake kina madirisha mawili, kwa hiyo kanizidi cheo. Nimekwenda kumwomba ruhusa nianze kamusi ya pili.