Jasusi wa Ukungu na Mama Mkwe Mtarajiwa

Jumatatu, 4 Novemba
Siku njema kwa ukosoaji! Nimechapisha kwenye ukumbi wa watazamaji mtandaoni, kwa jina la kubuni la Jicho Kali, uchambuzi wangu wa tamthilia ya Jasusi wa Ukungu. Nimetenda haki. Nimesifu mapigano yenye akili, na adui mwenye sababu za kueleweka. Lakini jasusi anavuja damu, anafukuzwa, kisha anasimama kunywa juisi ya ginseng, mzizi wa kuongeza nguvu, ya mfadhili wa tamthilia, jina la chupa likitutazama! Na bomu linasubiri wapenzi wamalize kulia! Nimetukanwa sana. Wivu.

Jumanne, 5 Novemba
Balaa! Seol-ah, mchumba wangu, amenieleza kwamba mama yake ndiye mwenyekiti wa mashabiki wa mwigizaji mkuu. Ndio waliompelekea gari la kahawa kazini kwake, picha yake ikiwa kwenye kila kikombe. Sasa Mama anamsaka Jicho Kali. Jumamosi ninajulishwa kwake. Asiporidhia, hakuna harusi. Seol-ah hajui Jicho Kali ni nani. Sioni haja ya kumsumbua.

Jumatano, 6 Novemba
Mama amenipigia simu mwenyewe! "Mwanangu Gyu-won, nasikia umesoma hadi vitabu vimekuchoka. Hebu mnyamazishe yule mwendawazimu." Mpango maridadi: nitajijibu, nitajishinda, nitaoa. Nimeandika utetezi kwa jina langu halisi.

Alhamisi, 7 Novemba
Utetezi ulikuwa na kasoro za kimantiki. Ningeziachaje? Jicho Kali ameujibu. Nimesagwa! Seol-ah ameuliza, kwa upole, kama shahada yangu niliiazima.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimejitetea tena. Nimeshindwa tena. Jamaa yule ni hatari.

Jumamosi, 9 Novemba
Nilikwenda na kasha la mapeasi na roho mkononi. Tukaketi mbele ya runinga kwa soju, pombe yetu kali, na ngisi mkavu. Kila Mama alipomtaja Jicho Kali, niligeuka pembeni nikanywa, kama adabu inavyodai mbele ya wakubwa. Hakuna aliyeuona uso wangu. Mila zetu zina hekima!

Ndipo jasusi, katikati ya risasi, akafungua chupa.

Mama akaweka vijiti chini. "Loo! Tena? Watu wanakufa, bwana mkubwa anakunywa dawa ya nguvu!" Akacheka hadi akafuta machozi. Akakiri kwamba yule mshenzi alisema kweli. Kisha akanigeukia: "Na wewe, mwanangu, umechapwa vibaya. Lakini hukukimbia. Mume wa binti yangu ndivyo awe."

Akaniwekea nyama juu ya wali kwa vijiti vyake mwenyewe. Harusi, akasema, iwe majira ya kuchipua.

Nafuu iliyoje! Nikaapa moyoni kumzika Jicho Kali milele.

"Ila pigano la leo la darajani," Mama akaongeza, "halina dosari hata moja. Anayebisha ni kipofu."

Nikageuka. Nikanywa.

Jumapili, 10 Novemba
Nimeamka mtu huru. Seol-ah amenitumia picha za kumbi za harusi. Zote nzuri. Sijawahi kuwa na amani kama hii.

Hata hivyo, jasusi aliyevunjika bega mwanzo wa pigano haning'inii darajani kwa mkono uleule. Kumbishia mama mkwe ni utovu wa adabu. Kwa hiyo uchambuzi wa pigano nimeuchapisha kwa jina jipya.

Mama amekwisha kuusoma. Amepiga simu akitweta: amezuka mwendawazimu mwingine, mbaya kuliko wa kwanza, naye ananitegemea mimi.

Nimemwambia asihofu. Huyu nitammaliza kabla ya chakula cha jioni.